Mbuzi Amekagua Ukuta Wangu

Jamani, leo nimeumbuliwa na mbuzi!

Asubuhi nilimwambia Bi Mwanaidi, mwenye nyumba tunayoijenga: "Mama, fundi mwenzangu Mshamu kakorogea chokaa maji ya bahari. Ukuta wake utabambuka. Usilipe mtu kukagua, mlete mbuzi wako. Ukuta wenye chumvi ataulamba."

Mbuzi akaletwa. Akaunusa ukuta wa Mshamu, akaupita.

Akaja kwenye wangu.

Wallahi, akalamba kama mtoto aliyepewa halua!

Kisima kiko mbali, jamani! Mitungi miwili tu nilichota pwani!

Bi Mwanaidi akasema, "Fundi, ngoja amalize."

Sasa Bagamoyo nzima inakuja kumwazima mbuzi huyo. Kesho anapelekwa kwa tajiri wa pembe za ndovu, nyumba niliyoijenga mwaka jana.

Nauliza tu: mbuzi akishiba majani ya muhogo, bado hulamba?