Mlango wa Sakristia

Chuoni kwetu ukitaka kununa, nuna mwanzoni mwa wiki, maana Jumapili itakuumbua. Ibada ikiisha hatutawanyiki tu. Tunatoka kanisani tukiimba, mchungaji wa chuo akiwa mbele, naye anasimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Anayemfuata anampa mkono na kusimama kando yake, wa tatu anawapa mkono wote wawili na kusimama, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mstari unajipinda hadi unakuwa duara, na wimbo haukatwi mpaka kila mtu awe amemshika mkono kila mtu. Ndipo inaombwa sala ya kufunga. Kwenye makanisa makubwa unaweza kujichomoa na hakuna atakayejua. Kwetu tuko wachache, na chuo chenyewe, pembeni mwa mji wa Mpanda, ukipita na bodaboda ukapiga chafya umeshakipita.

Naupenda mstari ule, japo hasira zangu ziko karibu na umeshaninyang'anya ugomvi mzuri mara nyingi. Unajiandaa wiki nzima kumpita mtu bila kumwangalia, halafu Jumapili huyo anakuja na mkono mbele, watu wote wanaimba, utafanya nini? Hata wasio Walutheri, Wakatoliki na Wamoraviani tunaosoma nao, wanaujua na wanausimamia kuliko sisi wenyewe.

Mwaka wetu wa pili, mwenzangu wa chumba aliacha kupita kwenye mstari. Yeye ni wa Kasekese. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wadogo, sasa ni Watanzania, na wanaishi kwa jembe. Mahindi ya baba yake ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumbani na ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha. Mvua zikiwa katikati, mahindi yameanza kubeba, ng'ombe waliingia shambani wakala karibu lote. Walikuwa ng'ombe wa jirani, Msukuma aliyehamia kule na mifugo yake. Kesi ikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji, huko ikapigwa danadana. Na kijana wa huyo Msukuma alikuwa chuoni kwetu, darasa moja na sisi, mwimba besi wa kwaya.

Mwenzangu hakupigana wala hakusema neno. Jumapili wimbo wa kutokea ukianza, anainama kama anaokota kitu, anateleza pembeni na kutokea mlango wa sakristia, ule mdogo wa nyuma anaoutumia mchungaji kwenda kuvaa. Sote tuliona. Niliwaheshimu sana watu wa chuo kile kwa jinsi walivyonyamaza vizuri. Mchungaji angeweza kuhubiri msamaha Jumapili tatu mfululizo, wala hakugusa. Pale bwaloni sahani ya mwenzangu ilianza kurudi kwenye meza yetu na maharage mengi kuliko za wengine, na hakuna aliyetaja kwa nini. Mimi tu ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nilimwambia mwenzangu kwamba yule kijana siye baba yake, asimhesabie kosa la mzee.

"Ng'ombe wale wanamsomesha yeye," akanijibu. "Wamekula shule yangu wakashibisha yake. Usiniambie tena."

Sikumwambia tena. Baba yake alishampigia simu kwamba shamba lisipotoa kitu, arudi nyumbani, mambo ya chuo yatajulikana mbele ya safari. Tulijua sote maana ya mbele ya safari. Binti anayerudi nyumbani katikati ya masomo huwa harudi chuoni.

Jumapili iliyofuata aliteleza tena kwenye mlango wa sakristia, nami nikamfuata maana nilichoka kumwona akizunguka peke yake. Tukafungua mlango. Nyuma ya kanisa, kando ya tangi la maji, alikuwa amesimama yule mwimba besi na kitabu chake cha nyimbo kwapani.

Walitazamana. Mimi nilitamani kucheka, na nilitamani ardhi inimeze.

"Unafanya nini huku?" mwenzangu akamuuliza.

"Nimetokea huku ili wewe upite kule mbele," akasema. "Niliona watu wanakukosa kwenye mstari kwa ajili yangu. Nikasema Jumapili hii nikae pembeni mimi."

"Na mimi nimetokea huku ili nisikuone."

Kule mbele wimbo ulikuwa unarudiwa ubeti ule ule, na bila besi ulisikika umepwaya kweli. Kijana alikuwa anakwangua udongo kwa kiatu. "Dada, nimeongea na baba mpaka nimechoka. Ni mgumu. Lakini nina maksai wangu mwenyewe, niliwalea tangu ndama, na plau ipo. Mahindi yameshapitwa na msimu, ila maharage na alizeti bado vinawahi. Jumamosi naweza kuja kulima. Ila nikija hivi hivi, mzee wako atanitoa na panga. Ukisema nije, nakuja."

Akamnyooshea mkono. Mwenzangu aliuangalia mkono ule, hakuupokea.

"Njoo na plau," akasema. "Mkono utauona baadaye."

Habari niliifikisha kwaya mimi, na Jumamosi kwaya nzima ikajipakia kwenye kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo, pamoja na mchungaji na magunia ya mbegu zilizochangwa na kila aliyekuwa na ndugu mkulima. Shangazi yangu wa Mwamkulu alitoa maharage yake na maneno mengi juu. Mwenzangu alipanda na begi lake la nguo, lote, limefungwa kamba. Baba yake alikuwa amemwambia aje na vitu vyake. Njia nzima begi lile lilikuwa miguuni kwangu na sikuweza kuimba na wenzangu.

Kijana tulimkuta ameshafika na maksai, amesimama barabarani nje ya shamba, hathubutu kuingia. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake. Binti alimwendea, wakaongea Kirundi, nikaona mzee anatikisa kichwa, halafu anatikisa tena. Mwishowe aliinua kidole tu kuelekeza shamba lilipo. Tukalima. Plau mbele, sisi nyuma tukidondosha mbegu, wale wa mjini wakizifukia kana kwamba wanazika mtu na mimi nikiwafokea. Mzee hakusogea wala hakusalimia.

Jua lilipoanza kushuka mchungaji alisema tuombe. Mzee alikuja, akasimama kando yake kwa adabu. Sala ilipokwisha mtu mmoja, kwa mazoea tu, akaanzisha wimbo wa kutokea, na watu wakaanza kujipanga. Mzee si Mlutheri. Hakujua kwamba aliposimama ndipo mwanzo wa mstari. Alishtukia watu wanamjia mmoja mmoja na mikono ya udongo, akawa anaipokea na kuwatakia amani kwa Kirundi: "Amahoro. Amahoro." Binti yake alikuwa wa pili kutoka kwake, na mwimba besi alikuwa nyuma kabisa, akiwafungua maksai nira taratibu kuliko inavyohitajika.

Akafika. Mzee akawatazama maksai nyuma yake, na sisi tukarudia ubeti.

"Hao maksai wamekunywa maji?"

"Bado, baba."

"Wapeleke kisimani kwangu," mzee akasema, akampa mkono.

Kijana akasogea kwa binti, akasimama, hakunyoosha chochote. Alikuwa anamsubiri. Tukarudia ubeti tena, sauti zimetuishia, mimi nalia waziwazi na sijali.

"Baadaye ndiyo hii," mwenzangu akasema, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tulipokuwa tunapanda gari, yeye alibaki chini, begi lake liko mlangoni kwao. Mzee aliliangalia, akalibeba mwenyewe hadi kwenye kirikuu, akalisukuma miguuni kwangu. Kisha akazunguka kwa dereva.

"Endesha polepole," akamwambia. "Humu nina mwanafunzi."