Mwalimu Restuta na Vitu Vyeupe vya Angani

Mwalimu Restuta alifundisha sayansi kwa miaka thelathini na mitatu katika shule za msingi za Ngara, na alipostaafu alirudi Nyakisasa kulima maharage na kutunza migomba ya marehemu baba yake. Hakuolewa. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake Emilian alikuwa bado hajaanza shule. Alimlea huyo mdogo, akamsomesha, na alipokuwa mtu mzima akafuatana na wazee hadi Biharamulo kumposea mke.

Watu wa Nyakisasa walimjua Restuta kwa jambo moja: ukimuuliza kitu, anajibu hapohapo. Kwa nini mvua ya mawe huja siku ya joto, kwa nini ng'ombe hucheua, kwa nini simu huishiwa chaji upesi mahali penye mtandao hafifu. Hakuwa na mazoea ya kusema ngoja kwanza nikaulize.

Mwishoni mwa Septemba alipigiwa simu na Anneth, binti wa Emilian, kutoka kijijini kwao Runazi, Biharamulo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi na kupanda?"

"Hatujapanda. Mvua imenyesha mara tatu, majirani wanamalizia mahindi, lakini baba hajashika jembe. Anasema hakuna atakayevuna mwaka huu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kuna video ametumiwa kwenye simu. Njoo uione mwenyewe."

Usiku huo Restuta hakupata usingizi. Asubuhi alifunga mlango, akamwachia jirani funguo za banda la mbuzi, akachukua bodaboda mpaka barabara kuu, kisha basi la Biharamulo. Saa nane mchana alikuwa Runazi, uani kwa mdogo wake.

Emilian alimpokea mkoba, akamletea kiti na maji. Alikuwa amekonda. Mkewe, Benedicta, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa ugonjwa wa figo, na tangu hapo Emilian aliongea kidogo na kula kidogo, lakini shamba hakuwahi kuliacha. Sasa lilikuwa limeota magugu hadi usawa wa goti.

Aliitoa simu bila kubembelezwa. Video ilionyesha dirisha la chombo cha angani, na chini yake dunia, ya bluu, imefunikwa na mawingu. Nje ya dirisha vilionekana vitu vyeupe vinavyong'aa, vingi, vikienda sambamba na chombo kana kwamba vinakisindikiza. Mtu alisikika akizungumza Kiingereza. Juu ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine, ya Kiswahili, isiyojitaja jina. Ilisema kwamba hao wanaong'aa ni marehemu wetu, wameshakaribia, na kabla ya Krismasi watashuka kuwachukua walio wao. Wenye kuamini wasihangaike tena na kazi za dunia.

"Uongo mtupu," alisema Restuta kabla video haijaisha. "Hiyo imetengenezwa kwenye kompyuta. Hakuna mwanaanga aliyeona kitu kama hicho."

"Mbona mwenyewe anasema ameviona?"

"Nani?"

"Huyo Mzungu. Anneth, mwambie shangazi yako anachosema."

Anneth, ambaye alikuwa kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa kizuri, aliinamisha kichwa. "Kweli anasema hivyo, shangazi. Anasema anaviona, ni vingi, na vinawafuata."

Restuta alirudia kwamba ni uongo. Aliposhindwa kueleza ni uongo wa namna gani, alipandisha sauti. Alimwambia Emilian kwamba mtu mzima mwenye binti wa kumlisha haachi shamba kwa sababu ya simu. Emilian hakubishana. Alisubiri mpaka dada yake amalize.

"Dada, wewe tangu zamani una jibu kabla hujasikia swali," alisema. "Mimi siwezi kupanda mahindi siku ambazo mke wangu anakuja."

Akainuka, akaenda kuwafunga mbuzi.

Kesho yake Restuta aliondoka Runazi akiwa na maumivu ambayo hakuyazoea. Kutoaminiwa ni jambo alilokwisha kulizoea darasani, watoto ni watoto. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake alikuwa amesema kweli. Yeye Restuta alikuwa amejibu kitu asichokijua. Hakwenda nyumbani. Alipitiliza hadi Ngara mjini, akapanda kilima kuelekea shule ya sekondari ambako Iradukunda, mwanafunzi wake wa zamani, sasa alikuwa mwalimu wa fizikia.

Iradukunda alimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, na vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu.

"Shikamoo, Mwalimu! Kuna usalama kweli?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma," alisema Restuta, akatoa daftari.

Alimweleza yote. Anneth alikuwa amemrushia Restuta ile video kwa simu, wakaitazama pamoja mara tatu. Restuta alitegemea kusikia kwamba ni ya kughushi.

"Hapana, Mwalimu, vitu vyenyewe ni vya kweli," alisema Iradukunda. "Wanaanga wameviona tangu siku za mwanzo kabisa. Hata wao wenyewe walishangaa."

Akaanza kueleza polepole, na mwalimu wake akaandika. Chombo kikiwa juu hupata baridi kali kinapopita upande wa usiku, na unyevu unaotoka ndani yake huganda kuwa chembe za barafu kwenye ukuta wa nje. Hata maji yakimwagwa nje huganda papo hapo. Chembe hizo hubanduka, na jua linapochomoza zinang'aa kama taa. Mmoja wa wanaanga wa zamani aligonga ukuta wa chombo kwa mkono akiwa ndani, na zikatoka nyingi zaidi; hapo ndipo ilipojulikana zinakotoka. Vingine ni vipande vya rangi au vya kitambaa cha kukinga joto. Kuna wanaanga waliokuwa wakifanya ukarabati nje wakaponyokwa na mfuko wa vifaa, ukawa unazunguka dunia peke yake. Wapo pia waliofumba macho wakaona cheche, kumbe ni mionzi inayopita machoni.

"Na kwa nini vionekane vikubwa?"

"Huko hakuna hewa, Mwalimu. Sisi kitu cha mbali tunakiona kwa ukungu, ndiyo tunajua kiko mbali. Kule kila kitu kiko wazi. Chembe iliyo karibu na kioo unaweza kudhani ni chombo kizima kilicho mbali."

Restuta alipiga mstari chini ya maneno hayo. "Kwa hiyo vyote vimeelezwa?"

"Vingi. Vichache havijaelezwa, labda kwa sababu picha ni mbaya au havikuonekana vizuri. Hapo wataalamu husema tu kwamba hawajui."

Siku ya tatu Restuta alirudi Runazi. Safari hii hakuanza kusema. Alimkuta Anneth uani akipepeta maharage, makapi yakiruka juani, akakaa kwenye kigoda karibu naye. Emilian alipotoka ndani, alimwomba aketi.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Nilisema ni uongo, kumbe vitu vile wameviona kweli."

Emilian alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amesikia dada yake akisema hivyo hata siku moja.

Restuta alifungua daftari, akasoma alichoandika, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye chembe zinazobanduka, alimwonyesha makapi yanayotoka kwenye ungo wa Anneth. "Tazama yanavyong'aa yakipigwa na jua. Hapa upepo unayachukua. Kule hakuna upepo. Kitu kikibanduka kinaendelea kwenda pamoja na chombo, kwa mwendo uleule. Ndiyo maana wanasema vinawafuata."

"Na huyo aliyegonga ukuta, zikatoka nyingine?"

"Zikatoka."

Emilian aliuliza kuhusu mfuko wa vifaa, kama ulirudishwa. Restuta alisema hafikiri, kwa kawaida vitu kama hivyo hushuka taratibu na kuungua hewani. Kisha Emilian akauliza kama kila kitu walichoona wanaanga kimeelezwa namna hiyo.

"Hapana. Vipo ambavyo hawajui ni nini. Na mimi sijui."

Emilian aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo gumu. Anneth aliacha kupepeta.

"Kwa hiyo Benedicta hayumo mle," alisema Emilian.

Restuta alifunga daftari. Hapo hapakuwa na kitu alichoandika. "Kwenye zile chembe hayumo. Yuko wapi, mimi si mtu wa kukuambia. Muulize padri. Lakini yule mwenye sauti kwenye simu hamjui Benedicta. Hakuwahi kumwona hata siku moja."

Emilian aliinamia magoti yake akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyemnyamazisha. Anneth alikwenda kuketi upande wa pili wa baba yake, na wakakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia.

Asubuhi Restuta aliamshwa na sauti ya jembe. Emilian alikuwa ameanza na kona ya chini, penye magugu machache. Walilima wote watatu kwa siku sita, na jirani mmoja, Juvenali, akaja na wanawe siku mbili bila kuitwa. Mahindi yalikuwa yamechelewa, wakayapanda robo tu ya shamba. Sehemu iliyobaki wakaweka maharage, na pembeni wakachomeka mihogo.

Mahindi hayakufaa. Mvua zilikatika yakiwa yanatoa mbelewele, na mengi yakaishia kuwa chakula cha mbuzi. Maharage yalitoa madebe saba, ambayo kwa watu wawili yalitosha. Mwezi wa kwanza, Krismasi ikiwa imeshapita, Emilian alikwenda mwenyewe kwa padri, akazungumza naye kwa saa nzima, na akaomba misa ya kumwombea mkewe. Aliyozungumza na padri hakumwambia mtu.

Restuta alihudhuria misa hiyo. Walipotoka kanisani, mwanamke mmoja wa Runazi, Claudia, alimsogelea na simu mkononi, akataka aelezwe kuhusu video aliyotumiwa, iliyosema kuna nyota itakayoanguka mwezi wa tatu.

"Nionyeshe mpaka mwisho kwanza," alisema Restuta, akavaa miwani.