Handaki Nyuma ya Banda la Vioo

Kabla sinema haijafika Torino, Celestino Gariglio alikuwa mchoraji wa mapazia ya tamthilia. Alichora misitu, bahari na kasri, na mapazia yale yalikunjwa yakawekwa stoo yakisubiri kutumika tena mwaka unaofuata. Alipohamia kwenye kampuni ya filamu iliyojengwa kando ya mto Dora, aligundua kwamba huku hakuna kinachowekwa. Alijenga soko la Roma kwa mbao, turubai na jasi, wakalipiga picha, na siku hiyohiyo jioni akaambiwa alibomoe, kwa kuwa kesho yake pale pale ilitakiwa bandari ya Venisi.

Mwanzoni alipenda. Alipenda banda lenyewe, ambalo paa na kuta zake zilikuwa vioo vitupu ili jua liingie, ingawa kiangazi mlikuwa mkiokwa mle kama mikate. Alizoea hata kuchora kwa kijivu na kahawia tu, maana kamera za wakati ule ziliona nyekundu kama nyeusi na buluu kama nyeupe, na ukichora ukuta kwa rangi yake halisi ulitokea kituko. Mkewe, Delfina, aliyekuwa mshonaji, alimwambia kwamba anarudi nyumbani na mikono ya mtu aliyezika majivu.

Miaka ikapita hivyo. Akajenga mahekalu, magereza, mabafu ya wafalme. Kama unaishi kwa kujenga na kubomoa, mwili ndio unaotunza hesabu: mgongo ukaanza kumuuma, kisha magoti, kisha vumbi la jasi likamkaa kifuani. Wenzake walimwita Fundi, na hata mwongozaji, Ormea, mwenye cheo cha heshima cha Kavaliere, alimwita hivyohivyo, tena kwa heshima. Ormea hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, mfuko wa koti lake umejaa vijiti vya mkate alivyovitafuna mchana kutwa, na alikuwa na woga wa kudumu kwamba watu wa Torino watachoka na filamu zake.

Vita vilipokuja, Celestino alikuwa ameshapita umri wa kuitwa jeshini. Mwanawe wa pekee, Remigio, aliitwa. Alipelekwa kwenye milima ya mawe ya Karso, na huko bomu likafukia handaki lao; wakamfukua akiwa hai, kati ya wenzake ambao hawakuwa hai. Walimrudisha nyumbani mikono na miguu yake mizima. Lakini alikuwa hazungumzi ila akilazimishwa, na hakumtazama mtu usoni, hata mama yake. Delfina alimwekea polenta, ule ugali wao wa mahindi, na maziwa mbele yake, akala akiangalia ukuta. Akimshika bega, alikaa tu kama kiti.

“Mchukue kazini,” Delfina alimwambia mumewe. “Humu ndani ananimaliza.”

Celestino akamchukua. Alimpa kazi ya kukoroga jasi, kazi isiyohitaji maneno, na Remigio akaifanya vizuri. Mambo yakaenda hivyo tangu majira ya baridi mpaka theluji ilipoyeyuka. Ndipo Ormea akaja na habari kwamba kampuni inataka filamu ya vita, yenye mama anayengoja na mwana aliyeko mstari wa mbele, na kwamba nyuma ya banda la vioo lichimbwe handaki.

Celestino alimweleza kwamba ana mtoto aliyefukiwa ndani ya kitu kama hicho. Ormea alisikitika kwa dhati. Alisema yeye pia ana mpwa wake kule, kisha akasema kwamba kila ukumbi mjini unaonyesha filamu ya vita isipokuwa wao. Walizungumza kwa muda, na mwisho wake Celestino akachukua koleo. Hakuwa na nguvu za kubishana; siku zile alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Alichofanya ni kumpanga Remigio ndani ya banda, kwenye ukumbi wa dansi wa mwanamfalme fulani wa filamu nyingine, mbali kadiri ilivyowezekana na shimo.

Handaki likachimbwa, likasimamishwa mbao, likawekewa magunia ya mchanga. Vibarua wa kuigiza wakaletwa, wengi wao wazee na watu wenye makengeza, maana wazima walikuwa vitani kweli. Asubuhi ya kupiga picha Celestino alikuwa juu ya ngazi akirekebisha waya wa miba, alipoona ndoo ya jasi imeachwa peke yake mlangoni mwa banda.

Alimkuta Remigio chini handakini. Alikuwa amekaa ameegemea mbao, magoti kifuani, katikati ya wale wazee waliovalia sare za kuazima. Wao walikuwa wamesogea kidogo wakampa nafasi, bila kuambiwa. Celestino akashuka taratibu, mkono mmoja ukutani, akachuchumaa mbele yake.

“Remigio. Twende tukale kitu.”

Celestino akagonga mbao kwa kidole.

“Hili si la kweli, mwanangu. Nimelijenga mimi. Ona, ile ni turubai.”

“Najua, Baba,” Remigio akasema. “Umelijenga vizuri. Niache kidogo tu. Hapa napumua.”

Akainua uso, akatazama juu ya bega la baba yake, kuelekea kwenye mwanga, na machozi yakaanza kumtiririka bila uso kubadilika hata chembe. Celestino alikuwa hajauona uso ule ukitazama kitu chochote kwa miezi mingi. Akabaki amechuchumaa huku magoti yakimuuma, na ilimchukua muda kutambua kwamba mlio anaousikia nyuma yake, ule wa taratibu kama cherehani ya mkewe, ulikuwa mkono wa kamera ukizungushwa.

Akapanda. Akavua kofia yake na kuivisha kamera.

“Toa kofia, Fundi,” Ormea akasema kwa sauti ya chini. “Tumeshamaliza.”

“Usiitumie hiyo, Kavaliere.”

“Sina mwigizaji hata mmoja mwenye uso kama ule. Hata mmoja.”

“Si mwigizaji. Ndiyo maana nakuomba.”

Ormea alitafuna kijiti chake, akasema atafikiria. Celestino akachukua kofia yake. Angeweza kuondoka siku ile, na kwa miaka mingi baadaye alijiuliza kwa nini hakuondoka. Jibu alilolipata kila mara lilikuwa lilelile, kwamba mchana kulikuwa na ukuta wa ukumbi wa dansi wa kupaka rangi na yeye hakuwa na pumzi ya kufanya lolote zaidi ya lile lililokuwa mbele yake.

Filamu ilipotoka, jirani wa ghorofa ya chini, Mama Tibaldi, alipanda ngazi mbio kumwambia Delfina kwamba amemwona mwanawe sinema na kwamba ukumbi mzima ulilia. Delfina hakuwa mtu wa sinema. Miaka yote hiyo alikuwa ameziona kazi za mumewe mara moja tu, akalalamika kwamba mapambo ya hekalu yalimzuia kuona magauni. Lakini safari hii alivaa koti lake la kanisani akaenda. Kesho yake akaenda tena. Ikawa kila mchana, baada ya kumaliza mshono, Delfina yuko kwenye ukumbi wa barabara ya Po, akingoja dakika ile ambayo uso wa Remigio unajaa kwenye pazia la sinema, macho wazi, ukimtazama yeye.

“Pale ananiona,” alimwambia Celestino. “Usinikataze.”

Celestino hakumkataza. Na nyumbani Remigio aliendelea kula akiangalia ukuta.

Filamu ikaondoka Torino, ikaenda miji midogo. Delfina akafanya kama mtu aliyefiwa. Mwishowe, Jumapili moja, Celestino akampeleka Cuneo kwa treni, ingawa miguu ilimvimba. Walikaa kwenye viti vigumu vya ukumbi uliokuwa zamani ghala la nafaka. Filamu yenyewe ilikuwa imechoka; ilijaa mikwaruzo, ikakatika mara kwa mara, na kila ilipokatika mwonyeshaji aliiunganisha kwa kutupa vipande vilivyochanika. Wakamwona mama anayengoja. Wakaona waya wa miba. Handaki likatokea, wale wazee wakatokea, kisha ghafla ikawa ni shangwe za ushindi na bendera.

Delfina alikaa mpaka taa zikawashwa.

“Wamemkata,” akasema.

Wakarudi kwa treni ya jioni. Walipofika nyumbani walimkuta Remigio amesimama jikoni, ameweka sufuria ya polenta motoni na kuikoroga, labda kwa sababu ya njaa tu. Akawauliza walikuwa wapi. Lilikuwa swali la kwanza kutoka kwake tangu arudi, na Delfina, ambaye hakuwa amelia kwenye treni, akakaa chini akamwambia kila kitu: ukumbi wa barabara ya Po, kila mchana, watu wakilia, na sasa Cuneo.

Remigio alisikiliza akiendelea kukoroga.

“Sikuwa nalia, Mama,” akasema. “Jasi iliniingia machoni. Nilikwenda kule handakini mbio, sikunawa.”

Delfina akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kukwaruza, akicheka na kujifuta kwa aproni, na Remigio akageuka kumtazama ana nini. Alimtazama kwa muda mrefu. Celestino alivua viatu vyake mlangoni. Alikuwa ameyaona yale machozi kwa karibu kuliko kamera, na hakuwa na hakika, lakini hakuona sababu ya kuuliza.

Remigio hakupona siku hiyo. Alipona kidogokidogo, na si kabisa. Mpaka uzeeni hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Lakini alianza kuzungumza wakati wa chakula, akapata kazi kwenye kiwanda cha magari, akaoa binti wa mfua vyuma wa Moncalieri.

Kampuni ya filamu ilikufa baada ya vita, kama nyingine zote mjini. Ormea alikwenda Berlini na akamwomba Fundi aende naye, akisema kule wanajenga misitu mizima ndani ya nyumba. Celestino alimshukuru akamwambia miguu haitaki. Akapata kazi ya kupaka ngazi za nyumba za kupanga zifanane na marumaru, kazi inayofanyika mtu akiwa amekaa.

Kila Jumapili Remigio na mkewe walikuja kula. Kabla hajaigusa kahawa yake Celestino alikuwa ameshasinzia kitini, kidevu kifuani, na Delfina alikuwa akifunika kikombe chake kwa kisahani na kuwaambia wengine wapunguze sauti.