Mfano wa Mikaratusi

Habari kwamba mama yetu atahama nyumbani Matulo niliipata katika zoezi la Kiingereza, na aliyenipa ni mdogo wangu wa kiume, bila mimi kumuuliza.

Mimi hufundisha Kiingereza Kitale. Mdogo wangu, anayeishi na mama, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani Bungoma mjini, kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa akija kwangu tunoe Kiingereza chake. Jumamosi moja tulifika kwenye sentensi za mambo ambayo yatakuwa yamekwisha kabla ya wakati fulani ujao. Wanaohoji hupenda kuuliza: baada ya miaka mitano utakuwa umefanya nini? Nikamwambia aanze na nyumbani, kufikia Desemba.

Alitunga bila kusita. Kufikia Desemba tutakuwa tumevuna. Tutakuwa tumekata mikaratusi. Mama atakuwa amehamia Kitale.

Nimesahihisha mifano mingi. Mtu anayebuni kwa lugha ngeni huandika kuhusu Rais, ndege au safari ya London. Akitaja mikaratusi, basi ana mikaratusi akilini.

“Mama anahamia Kitale kwa nani?”

“Si ni kwako, dada. Lakini huo ni mfano tu, bana. Ama nimekosea?”

“Hujakosea.”

“Basi nipe tiki.”

Nikampa tiki. Kesho yake nikaenda Matulo bila kupiga simu.

Mdogo wangu alikuwa kanisani. Mama alikuwa akipalilia kando ya kaburi la baba. Nilimuuliza kama kulikuwa na wageni wiki hiyo.

“Baba zenu wakubwa walikuja. Ndugu yako aliwachinjia kuku. Mimi niliambiwa nikae jikoni.”

“Walizungumza nini?”

“Mwanangu, sufuria haina masikio.”

Nikauliza swali ambalo kwetu hufichua mengi: firigisi alipewa nani? Kuku akichinjwa, firigisi humwendea mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote pale mezani. Baba zetu wakubwa wakiwapo, haivuki kwa mtu mwingine.

Mama alicheka. “Leo unaulizia firigisi kama mwanaume! Ilipewa mzee mmoja wa Cheptais. Mimi simjui.”

“Si ukoo wetu?”

“Ukoo gani? Ningemjua.”

“Na wewe, mama, unahama?”

Aliacha jembe. “Ati nihame? Niende wapi? Na baba yenu atapaliliwa na nani?”

Mdogo wangu aliporudi kutoka kanisani, nilimuuliza mbele ya mama yule mzee ni nani.

“Dada, sasa unachunguza mpaka kuku? Si ni mgeni tu. Mgeni anaheshimiwa.”

“Mgeni wa nani?”

“Wa nyumbani.”

Mama alimtazama, akasubiri aendelee. Mdogo wangu alisema lazima ajiandae kwa usaili, akaingia ndani.

Jioni nilimpigia simu baba yetu mkubwa, yule ambaye firigisi ilikuwa haki yake. Alikubali kwamba walikaa pale mchana kutwa. Alikubali pia kwamba alimsogezea yule mzee sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa sababu gani, na kama mzee huyo ndiye anayenunua shamba letu, aliniuliza mahindi ya Kitale yanaendeleaje.

Kufikia leo, hakuna aliyekuwa kwenye meza ile ambaye amekubali kunitajia jina la mzee huyo.