Kisima cha Mavyaa Wangu na Saruji ya Marafiki

Mjukuu wangu wa kike ana shahada mbili na anafanya kazi kwa wafadhili. Najivuna naye, na asiyependa nijivune ajizalie wake. Lakini neno "ushirikiano" akilileta mezani pangu, namwambia anyamaze ale. Juzi akaniuliza, bibi, neno hilo limekukosea nini? Nikaona bora niandike, maana nikisimulia kwa mdomo natukana, na yeye alikuwa na wageni.

Mimi shule sikusoma. Nilihitimu Kurani chuoni, basi. Hizi herufi nyingine nimezipata utu uzimani hapa Unguja, kwa kuwasimamia watoto wakiandika kazi zao. Nilizaliwa Nosy Be, kisiwa kidogo katika nchi ya Wamalagasi, nikaolewa Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja, katika nyumba ya Wangazija. Ndani tulisema Kikomori, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa tulikisikia kikipita barabarani na viatu vyake.

Nje ya nyumba yetu palikuwa na kisima. Alikichimbisha mavyaa wangu, mama wa mume wangu, mwaka aliofiwa na bintiye. Aliuza bangili zake zote za dhahabu, za harusi, akabaki mikono mitupu mpaka mwisho wa umri wake. Kisha akakitoa wakfu. Kwa asiyejua, kitu kikishawekwa wakfu hakina tena mwenyewe ila Mungu. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawiwi. Na kila anayechota, awe Mwislamu awe si Mwislamu, awe hata mwizi wa kuku, thawabu inaandikwa kwa aliyetoa, mpaka akiwa kaburini. Ndiyo sadaka yenye kuendelea.

Mavyaa hakuwa na kitu kingine cha kwenda nacho. Kuswali aliswali kama sisi sote, lakini ulimi wake ulikuwa wembe na alijua utamgharimu. Alikuwa akisema kisima ndicho kitakachomtetea huko aendako, maana majirani hawatamtetea.

Uhuru ukaja. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka walipofika hao marafiki. Zilikuwa nchi tatu. Majina yao nayajua vizuri, ila siwapi hata heshima hiyo. Nitawaita kwa walichokileta. Kulikuwa na wa saruji, wa pampu, na wa mabomba. Tuliambiwa ni marafiki wakubwa, wako upande mmoja, ule usiopatana na Warusi, na wamekaa pamoja wakakubaliana watuletee maji ya bomba kwa kuwa ya visima yana wadudu. Sisi tuliyanywa maji yale tangu tuzaliwe na tukazaa, lakini haya.

Walikuja kwa sherehe. Wanawake tulijipaka liwa usoni, tukajifunga nguo za sikukuu. Vazaha watatu, ndivyo Wamalagasi wanavyomwita mzungu, wakaketishwa kwenye viti vilivyoazimwa kwa tajiri mmoja, kila mmoja na kijibendera chake mbele yake. Mmoja akahutubia. Mkalimani alikuwa kijana wa mtaani kwetu, karani wa bandarini, anayependa maneno makubwa kuliko kinywa chake. Lile neno alilolisema vazaha, niliambiwa baadaye na waliosikia Kifaransa, lilikuwa hilo hilo la mjukuu wangu, la msaada tu, kama unavyomsaidia mtu kusukuma gari lake. Kijana akaona neno hilo jepesi mbele ya wazee. Akasema, "Wametuletea sadaka."

Basi, neno hilo ndilo lililotumaliza. Mtu wa kwetu akiambiwa ni sadaka, haulizi ya kiasi gani, haulizi itafika lini. Anayetoa sadaka anatoa kwa ajili ya Mungu, na haraka yake ya kutoa ni kubwa kuliko haraka yako ya kupokea. Wazee wakainua mikono, wakawasomea Fatiha vazaha wale watatu, nao wakainamisha vichwa kwa adabu bila kujua wanaombewa nini.

Amina ilipokwisha, mkalimani akasema kuna sharti dogo. Kisima kifunikwe, watu wasije wakachanganya maji machafu na masafi. Mavyaa akauliza kutoka upande wa wanawake, kwa sauti, kisima cha wakfu kinafunikwaje. Imamu akamtuliza. Akamwambia sadaka ya hawa itanywesha mtaa mzima, nawe kwa kuwa umewapisha, utakuwa na fungu lako ndani yake. Mavyaa akanyamaza. Hakuridhika. Alinyamaza kwa sababu kusimama kwenye njia ya sadaka ya mtu ni dhambi, na yeye za kwake alikuwa nazo za kutosha.

Wa saruji walikuwa hodari, hilo siwanyimi. Kabla wiki haijaisha walikuja na mchanga, kokoto na nondo, wakakiziba kisima kwa zege nene, wakalipiga lipu likawa laini kama meza, na juu yake wakachora mikono miwili inayoshikana. Katika msaada wote ule, uliofanya kazi ni ule wa kuziba.

Pampu nayo ikaja, ya kijani, ikajengewa kibanda chenye kufuli. Tukaenda kuichungulia kama bibi harusi. Mabomba hayakuja.

Kiangazi cha Mahajanga kikatukuta hivyo. Ardhi nyekundu ikapasuka, upepo ukatujaza vumbi mpaka kwenye wali, na sisi ndoo kichwani mpaka Tsaramandroso, kwenye bomba la watu wengine. Wanawake wa huko walitungoja kama wanangoja mchezo. "Nyinyi si mna vazaha watatu?" wakatuambia. "Hapa mnamtafuta wa nne?" Tukicheka, tunapangwa nyuma. Tukijibu, ndoo zetu zinapigwa teke. Mimi niliyezaliwa katika nyumba yenye kisima na kuolewa kwenye nyumba yenye kisima, nikaomba maji kama mpita njia.

Lakini mimi nilikuwa nimechoka shingo tu. Mavyaa alikuwa anachoka roho. Alipeleka kigoda chake nje, akawa anakaa mbele ya lile zege kutwa. Miguu ilianza kumvimba mwaka ule, pumzi ikawa fupi, na yeye mwenyewe alishajua anakoelekea. Jioni nikimwingiza ndani ananiambia, "Leo pia sikuandikiwa kitu." Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa habari za soko. Alikuwa akiogopa kufa kisima kikiwa kimezibwa, aende mikono mitupu kwa mara ya pili.

Nikamwuliza mkalimani mabomba yako wapi. Akasema njiani. Kila nilipomwuliza, yalikuwa njiani.

Dada yangu akajifungua, nikaenda Nosy Be kumtazama. Siku moja tukatoka kwenda Andilana kwa mjomba wetu. Nafika ufukweni, naona chuma kinang'aa mchangani. Mabomba. Rundo zima, mengine kwenye nyasi na kuku wametagia ndani. Na wavuvi walikuwa wakiyatandika chini ya mitumbwi wakiipandisha pwani, yanabingirika vizuri ajabu. Nikamwuliza mjomba ni ya nani. Akasema ni ya vazaha wa mabomba, mkubwa wao anapenda kuoga bahari ya hapa, akaagiza na hapa paletewe maji. Nikasema maji yatatoka wapi? Mjomba akasema hilo nao wanajiuliza, maana pampu hawana.

Nikakaa juu ya bomba moja nikacheka mpaka dada yangu akaniogopa. Halafu kicheko kikaisha, na kilichobaki ndicho ninacho mpaka leo.

Niliporudi Mahajanga sikupita nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa afisa wa mradi, Mmalagasi wa milimani, msafi, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hakunifukuza. Nilimweleza kwa Kimalagasi niliyoyaona. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo analolijua.

"Mama," akasema, "Mahajanga ni ya wa pampu. Nosy Be ni ya wa mabomba. Wameigawana pwani ili wasigongane."

"Si mlisema ni marafiki?"

"Marafiki sana. Ndiyo maana hakuna anayeingia kwa mwenzake."

Nikamwambia basi yaletwe tu, mume wangu na wenzake wa bandarini watayapakua bure. Akasema hata yakija hayafai. Pampu ile inataka mabomba yaliyonunuliwa kwao, ndivyo walivyoandikiana. Na hata ungeyalazimisha, midomo haikutani, kila nchi ina kipimo chake. Nikamwambia sawa, basi wa saruji warudi watufungulie kisima chetu. Hapo akaona haya kidogo. Akasema wa saruji wamemaliza kazi yao, wamesifiwa, wamekwenda. Msaada wa kujenga upo. Wa kubomoa haupo.

Sikumtukana. Mpaka leo najuta kwa nini sikumtukana.

Nyumbani nikamkuta mavyaa amelala, miguu juu ya mto. Nikamsimulia yote: kuku, mitumbwi, pwani iliyogawanywa kama nyama ya mbuzi. Nikamweleza na lile neno la Kifaransa, kwamba afisa mwenyewe nilimwuliza maana yake, akasema halina habari ya Mungu ndani yake. Ni nchi na nchi, leo nakupa hiki, kesho unaniunga mkono kule. Mavyaa akajiinua kwa kiwiko.

"Rudia hapo. Si sadaka?"

"Si sadaka, Mma. Ni msaada."

"Hawakutoa kwa ajili ya Mungu?"

"Hapana."

"Basi iliyotolewa sadaka ni ya kwangu peke yangu," akasema. "Leteni mtalimbo."

Mume wangu alileta miwili kutoka bandarini, akaiegemeza ukutani akaondoka. Simlaumu. Wanaume wote wa mtaa kazi zao zilikuwa mikononi mwa serikali au mwa marafiki wa serikali. Imamu akaja kutuambia tungoje. Mavyaa, naye keshaketi nje kwenye kigoda chake, akamwuliza, fungu langu ulilonipa kwenye sadaka yao liko wapi, nilionje. Imamu akavua kanzu akabaki na shuka, mzee wa watu, akashika mtalimbo wa pili. Hapo nilimsamehe.

Ilikuwa asubuhi, jua la wazi, mtaa mzima unatazama. Pigo la kwanza nilipiga mimi, pale pale mikono inaposhikana. Zege lilikuwa zuri, narudia, walijua kazi. Tulibadilishana mpaka viganja vikatoka damu. Mmoja akisema amechoka mwenziwe anamtania, pisha, wewe pampu. Lilipotoboka, ubaridi ukapanda kutoka chini, na harufu ya maji.

Nikashusha ndoo. Nilikuwa na kiu ya kufa. Mavyaa akanikataza. Akasema sisi wa nyumbani tungoje, kwanza anywe mtu wa mbali, ambaye hana deni naye wala udugu, ili isiwe na shaka.

Mtu wa mbali tuliyemngoja akaja na gari. Alikuwa yule afisa. Shati lile limelowa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaanza kabla hajashuka vizuri: tumeharibu mali ya marafiki, tumemwaibisha yeye, tumeiaibisha nchi changa mbele ya wenzake, jina la mtaa wetu litaondolewa kwenye mpango. Na kweli liliondolewa, na pampu ilikuja kung'olewa ikapelekwa nisikokujua. Alisema mpaka sauti ikamkauka, akakohoa.

"Mwanangu," mavyaa akamwambia kutoka kwenye kigoda, kwa Kimalagasi chake kibovu. "Una kiu. Kunywa kwanza, ndipo utugombeze vizuri."

Akatazama kata niliyomnyooshea. Mimi nilitaka kuirudisha. Nilitaka akakae kiangazi kizima kwenye foleni ya Tsaramandroso, ndoo yake ipigwe teke, ndipo aje anywe. Akaipokea, akanywa yote, akarudisha kata bila kunitazama usoni. Nikangoja aseme asante, hakusema. Akaomba nyingine.

Mavyaa akafumba macho. Hata tabasamu hakuwa nalo, uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza jina lake likisomwa mahali. "Imeandikwa," akasema. Halafu akafumbua macho akaniambia, "Unasimama nini? Mchotee na dereva."

Nikashusha ndoo tena. Nilipoipandisha niliigonga ukingoni kwa makusudi, maji yakamwagikia viatu vya afisa, vyote viwili, na dereva nikampa yaliyobaki.