Mguu Wangu Chini ya Meza

Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa kahawa wa Meru, na ofisi yetu iko mjini, Kaloleni. Kompyuta yetu ya mezani haina ubaya wowote, ila mimi nilitaka laptop ya kutamba nayo mjini. Mwenyekiti wetu, Mama Anaeli, alikuwa hajaamua kama tubadilishe. Basi nikamsaidia kuamua. Kila alipoingia, nilibonyeza kwa mguu swichi ya ekstensheni ya umeme chini ya meza, kompyuta ikazima, nami nikalalamika, "Imezima tena, mama."

Wiki iliyopita akaja na laptop ya binti yake. "Ijaribu kwanza, mwanangu, tuone kama na hii itazima."

Nikaichomeka kwenye ekstensheni ile ile, nikafanya kazi kwa raha zangu. Mchana akarudi. Niliposikia tu "Hodi", mguu ulishajiendea wenyewe kwenye swichi, na mdomo ukafuata: "Imezima tena, mama!"

Laptop ilikuwa inawaka vizuri tu, kwa chaji ya betri yake. Mama Anaeli akaitazama, akanitazama na mimi. Kisha akainama, akachungulia chini ya meza.

"Ondoa mguu, mwanangu," akasema.