Stima Ikirudi

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai nikiletewa imeshatiwa sukari, nauliza ni nani ameikoroga. Katika miaka ya sabini nilikuwa fundi wa umeme kwenye kinu cha chakula cha mifugo pale Nakuru, na tabia hii ndiyo iliyonilaza ndani ya mashine.

Mashine yenyewe ilichanganya pumba na molasi. Zamani mwendeshaji alibonyeza kitufe, na stima ikipotea, mashine ililala hadi kibonyezwe tena. Kisha tajiri mwenye kinu akanunua sanduku la kisasa la kuiendesha, likaja kufungwa na watu wa Nairobi. Ndani yake kulikuwa na pipa dogo lenye vijiti vya chuma. Pipa lilizunguka polepole, na kila kijiti kikifika zamu yake kilibonyeza swichi: jaza, changanya, mwaga.

Stima ilipotea kila mvua iliponyesha upande wa Bahati. Ikipotea katikati ya kuchanganya, tulifungua mlango wa chini kwa mkono, mzigo ukamwagika, na mama wa usafi akaingia kukwangua molasi kabla haijagandia mapanga ya kuchanganyia. Swichi kubwa hakuna aliyeizima. Tuliiacha vile vile, kama mtu anavyoiacha taa ya nyumbani, ili tujue stima imerudi.

Siku moja, katika mvua ya kwanza tangu sanduku lifungwe, mama alikuwa ndiyo kwanza ametoa mguu wa mwisho stima ikarudi, na mapanga yakazunguka. Yalinyakua shuka lake na kulichana vipande viwili. Alianguka chini, mzima. Alipopata pumzi alimwonyesha kidole mwendeshaji, mwanamume wa Kuresoi ambaye walikuwa wamegombana naye asubuhi kwa ajili ya ufagio.

Mwendeshaji alikana kugusa kitufe. Tajiri wetu, Mhindi aliyezaliwa papa hapa mjini, hakumwamini. Alisema miaka yote hiyo mashine haikuwahi kujiwasha, basi kuna mkono wa mtu, na mkono huo utaenda polisi.

Mimi nilimshuku mwendeshaji, maana alikuwa na hasira za karibu. Nilimshuku mama pia, huenda alitaka mwenzake afukuzwe. Lakini sanduku nililishuku zaidi, kwa sababu lilikuwa geni na hakuna aliyelihoji. Nikamwomba tajiri tulihoji kabla ya kuita askari.

Tuliwasha mashine tupu. Pipa lilipofika kwenye kuchanganya, tajiri alizima umeme wa kinu chote. Nikatupa gunia kuukuu ndani, nikamsimamisha mwendeshaji mlangoni, mbali na kitufe. Umeme uliporudi, mapanga yalilitafuna lile gunia. Pipa lilikuwa limekumbuka mahali lilipoachia, likaendelea na kazi yake bila kuuliza nani yuko ndani. Tajiri akaniambia nilitengeneze sanduku.

Nilifunga swichi ambayo stima ikipotea inaachia, na haishiki tena mpaka mtu alirudishe pipa mwanzo kwa mkono na kubonyeza kitufe. Nikamwambia mama sasa ni salama, aingie akatoe vipande vya gunia.

“Wewe ndiye umesema ni salama,” akanijibu. “Ingia wewe kwanza.”

Niliingia. Tajiri alizima umeme mashine ikichanganya, mapanga yakasimama, nami nikajikunja kati yake, molasi ikininata kwenye suruali. Niliogopa sana. Nilishuku kila waya niliokuwa nimeukaza kwa mikono yangu mwenyewe, na kupitia mlango wa chini nilichungulia viatu vya mwendeshaji kama vitasogea. Umeme ukarudi, taa ikawaka juu yangu. Mapanga yalitulia.

Nilipotoka, mama alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akajivua kile kipande cha shuka kilichobaki, akamwendea mwendeshaji.

“Nishikie hiki,” akamwambia. “Shika na mikono yote miwili.”

Mwendeshaji akakishika, na mama akaingia.